Jedwali la kukokotoa daraja la shahada: shajara ya mradi, Machi 2024 hadi Agosti 2025

9 Machi 2024: Kusudi

Matokeo ya muhula wa 3 yametoka juzi, nami nimegundua kwamba baada ya mwaka mmoja na nusu chuoni sijui kwa uhakika kama nimo katika daraja la kwanza au nimekwisha kutoka. Kila ninayemwuliza ana jibu lake. Mmoja asema GPA, yaani wastani wa pointi za gredi, ya 4.4 inatosha, mwingine asema aliyepata C hata moja ajihesabu ametoka, na wa tatu anaapa kwamba mwaka wa kwanza hauhesabiwi kabisa. Nimeamua kuacha kuuliza vijiweni na kutengeneza lahajedwali litakalopokea kozi, krediti (uzito wa kila kozi) na gredi, kisha litoe majibu mawili: nipo wapi leo, na ninahitaji nini katika mihula iliyobaki. Nitaandika hapa kila hatua inapokamilika, pamoja na saa ilizonigharimu, ili mwenye kutaka kuiga aige bila kurudia makosa yangu.

Kwanza, neno lenyewe. "Shahada ya heshima" katika Kiswahili chetu imezoeleka kuwa ile anayotunukiwa mtu mashuhuri bila kukaa darasani. Mimi ninazungumzia kuhitimu kwa heshima, yaani mwanafunzi wa kawaida kumaliza masomo akiwa na daraja la juu. Nilipoteza nusu saa nikitafuta kanuni za chuo kwa neno lisilo sahihi, na kurasa nilizoletewa zote zilihusu namna ya kumvika joho mgeni wa mahafali.

Mazingira ya mradi ni haya. Programu yangu ni ya miaka 3, mihula 6 na krediti 360. Gredi A huanzia alama 70 na ina pointi 5, B+ huanzia 60 na ina pointi 4, B huanzia 50 na ina pointi 3, na C huanzia 40 na ina pointi 2. Mwongozo wa mwanafunzi unasema daraja la kwanza ni 4.4 hadi 5.0, daraja la pili la juu ni 3.5 hadi 4.3, daraja la pili la chini ni 2.7 hadi 3.4, na daraja la ufaulu ni 2.0 hadi 2.6. Gharama ya leo: saa 2, nyingi zikiwa za kutafuta mwongozo wenyewe.

16 Machi 2024: Toleo la 1, na furaha ya siku tatu

Toleo la kwanza lilikuwa jepesi kupita kiasi. Niliingiza GPA ya kila muhula kama ilivyochapishwa, yaani 4.0, 4.5 na 4.75, nikazijumlisha na kugawanya kwa 3. Jibu lilikuwa 4.42, nikalala nikiwa mwanafunzi wa daraja la kwanza kwa usiku tatu mfululizo.

Kosa lilikuwa kudhani kwamba mihula ina uzito sawa. Muhula wa 1 ulikuwa na krediti 66, wa 2 krediti 60, na wa 3, ambao ndio niliofanya vizuri zaidi, ulikuwa na krediti 48 tu. Hesabu sahihi huzidisha pointi za kila kozi kwa krediti zake, hujumlisha mazao yote, kisha hugawanya kwa jumla ya krediti. Kwa hiyo nilikuwa na pointi 264, 270 na 228, jumla 762, na kigawanyo chake ni 174. Jibu ni 4.379.

Marekebisho: safu ya GPA za mihula nimeifuta kabisa, na sasa kila kozi ina mstari wake. Ni kazi ndefu zaidi ya kuingiza, lakini baadaye ilibainika kwamba karibu kila kosa lililofuata lingekuwa halionekani kama ningebaki na mihula mizima. Gharama: saa 3.

27 Machi 2024: Tarakimu ya pili

Nilipoandika madaraja katika maelezo ya mwanzo sikuona kwamba kati ya 4.3 na 4.4 kuna pengo, na kwamba mimi nimekaa humo humo. Mwenye 4.379 ni wa daraja lipi? Lahajedwali langu, ambalo hukadiria lenyewe hadi nafasi moja ya desimali, lilinionyesha 4.4 na kukipaka kisanduku rangi ya kijani.

Nilikwenda ofisi ya msajili kuuliza. Mama aliyenihudumia hakuhitaji hata kufungua kitabu: "Mwanangu, hapa hatukadirii, tunakata." Maana yake ni kwamba GPA hukokotolewa kwa ukamilifu wake, kisha tarakimu zote baada ya nafasi ya kwanza ya desimali huondolewa, hata kama zote ni 9. Kwa hiyo 4.399 ni 4.3. Baadaye niliikuta kanuni hiyo katika kanuni za mitihani, katika aya ambayo nilikuwa nimeisoma mara mbili bila kuielewa, kwa sababu imeandikwa kwa sentensi moja yenye mistari sita.

Marekebisho yalikuwa kubadili amri ya kukadiria kuwa amri ya kukata, na kuongeza kisanduku cha pembeni kinachoonyesha GPA kwa nafasi nne za desimali, ili mtumiaji aone amekaa wapi hasa ndani ya pengo. Ninashauri kila atakayeiga aanze na swali hili kabla ya kuandika fomula yoyote, kwa kuwa vyuo vingine hukadiria, vingine hukata, na vingine hutumia nafasi mbili za desimali. Gharama: saa 1 ya kazi na saa 4 za foleni.

14 Aprili 2024: Kuhesabu kwa kurudi nyuma

Leo jedwali limeanza kunijibu swali la pili. Pointi za lazima kwa daraja la kwanza ni 4.4 mara krediti 360, yaani 1584. Nilizonazo ni 762. Zinazobaki kutafutwa ni 822 katika krediti 186, wastani wa 4.42. Kiwango cha juu kabisa ninachoweza kufikia, nikipata A katika kila kitu, ni 4.7.

Wastani hausemi mengi mpaka ugeuzwe kuwa gredi. Kama kozi zote zilizobaki zingekuwa za krediti 6, zingekuwa 31, nami ningehitaji A katika 13 na B+ katika 18. Kisanduku kilichonifundisha zaidi ni kile kinachoonyesha bei ya kuteleza: kila B moja mahali pa B+ hupoteza pointi 6, na pointi hizo hulipwa kwa kugeuza B+ nyingine kuwa A. C moja hulipwa kwa A mbili za ziada. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yule wa kijiweni aliyesema C humtoa mtu alikuwa na nusu ya ukweli. Kanuni haimtoi, ila hesabu humtoza. Nina C moja katika muhula wa 1. Gharama: saa 2.

22 Agosti 2024: Mafunzo kwa vitendo yaliyonishusha hadi 4.15

Matokeo ya muhula wa 4 yalipotoka niliyaingiza yote kwa pamoja na jedwali likaniambia nina 4.1538. Nilikagua gredi mara tatu. Nilikuwa na A katika krediti 24, B+ katika krediti 18 na B katika krediti 6, matokeo ambayo hayawezi kumshusha mtu kutoka 4.37 hadi 4.15.

Chanzo kilikuwa mafunzo kwa vitendo, yenye krediti 12, ambayo hayana gredi ya A wala B, bali huandikwa "amefaulu" au "hakufaulu". Jedwali halikulijua neno hilo, likampa aliyefaulu pointi 0, huku krediti zake 12 zikiingia kwenye kigawanyo. Kwa kanuni, krediti za aina hii huhesabiwa katika 360 zinazohitajika ili mtu ahitimu, lakini haziingii kwenye GPA. Kigawanyo changu cha mwisho si 360 bali 348, na pointi ninazozihitaji si 1584 bali 1531.2.

Nimelazimika kutenganisha safu mbili ambazo hapo awali zilikuwa moja: krediti za kuhitimu na krediti za kukokotoa. Kwa mtazamo wangu hili ndilo rekebisho kubwa kuliko yote katika mradi mzima. Watu hubishana juu ya kiwango, iwe 4.4 au 3.7 au asilimia 70, ilhali kiwango kimeandikwa waziwazi na hakina siri. Kinachoamua ni kipi kinaruhusiwa kuingia katika hesabu na kipi hubaki nje.

Baada ya marekebisho nina pointi 972 kwa krediti 222, yaani 4.3784. Zimebaki krediti 126, na wastani unaohitajika umepanda hadi 4.438. Gharama: saa 5, na usiku mmoja wa usingizi.

15 Septemba 2024: Wenzangu watatu walivunja jedwali

Niliwapa wanafunzi watatu nakala ya toleo la 3 na kuwaomba walinganishe majibu yake na hati zao za matokeo. Hakuna hata mmoja aliyepata jibu lililolingana.

Wa kwanza alikuwa amefanya mtihani wa marudio, ambao sisi huuita sapu, akapata alama 72. Aliingiza 72, jedwali likampa A. Hati yake inaonyesha C, kwa sababu kanuni zetu haziruhusu sapu kuzidi C hata mtahiniwa akipata 100. Katika kozi ya krediti 6 hiyo ni tofauti ya pointi 18, na kwa kigawanyo cha 348 jedwali lilikuwa linambembeleza kwa 0.05 nzima. Nimeongeza safu ya "jaribio", na fomula sasa huweka kikomo kwa jaribio la pili. Kikomo chenyewe nimekiacha kibadilishwe na mtumiaji, kwa kuwa desturi hutofautiana: kuna vyuo vinavyofuta gredi ya zamani na kuweka mpya, kuna vinavyochukua wastani wa zote mbili, na kuna vinavyomwondoa katika heshima yeyote aliyerudia kozi.

Wa pili alihamia kwetu kutoka chuo kingine akiwa na krediti 60 zilizotambuliwa. Aliingiza gredi zake za zamani, nyingi zikiwa A, na jedwali likamweka juu sana. Kumbe krediti za kuhamia hutambuliwa bila gredi. Kigawanyo chake ni krediti 288 tu, na kwa sababu hiyo kila kozi anayofanya hapa humpandisha au kumshusha zaidi kuliko inavyonifanya mimi. Vilevile kuna sharti la ukaazi: ili mtu apewe daraja lolote la heshima, lazima sehemu iliyotajwa ya krediti zake awe amezipata katika chuo kinachompa shahada. Kwetu ni nusu, naye yuko salama, lakini aliyehamia katika mwaka wa 3 huenda asiwe.

Wa tatu alikuwa amechukua kozi moja ya ziada kwa kuipenda tu, akapata B. Alidhani kozi isiyo ya lazima haihesabiwi. Ingekuwa hivyo kama angeiandikisha tangu mwanzo kuwa kozi isiyokokotolewa. Yeye aliiandikisha kama kozi ya hiari ya kawaida, na muda wa kubadilisha ulikuwa umepita. Hapa fomula haikuwa na la kufanya. Niliongeza onyo tu juu ya safu hiyo.

Katika kuzungumza nao nilijua pia kwamba kuna masharti ambayo hayana hesabu ndani yake, kama kumaliza programu ndani ya muda wa kawaida na kutokuwa na hatia ya udanganyifu katika mtihani. Nimeyaweka chini ya jedwali kama visanduku vya kutiwa alama kwa mkono. Gharama: saa 9, jioni tatu.

3 Novemba 2024: Kulijaribu kwa mifumo ya kwingineko

Rafiki aliye katika masomo ya nje aliomba nakala, nikaona ni fursa ya kujua kama muundo unahimili kanuni ngeni.

Mfumo wa Uingereza hutumia asilimia: 70 kwa daraja la kwanza, 60 kwa la pili la juu, 50 kwa la pili la chini na 40 kwa la tatu. Ugumu haukuwa hapo. Katika vyuo vingi vya huko mwaka wa kwanza ni wa kufaulu tu, na miaka inayofuata hupewa uzito tofauti, wa mwisho ukiwa mkubwa zaidi. Kumbe yule wa kijiweni aliyeapa kuhusu mwaka wa kwanza hakusema uongo. Alikuwa amesoma kanuni za nchi nyingine. Niliongeza safu ya uzito wa mwaka, na kwa udadisi nikauweka mwaka wangu wa kwanza kuwa sifuri. Nilipata 4.5625. Nilikirudisha kisanduku kuwa 1 haraka kabla sijakizoea.

Marekani vyuo vingi hutumia kipimo cha 4 na maneno ya Kilatini: cum laude, yaani kwa sifa, magna cum laude, kwa sifa kubwa, na summa cum laude, kwa sifa ya juu kabisa. Chuo Kikuu cha Harvard kilianza desturi hiyo katika karne ya 19. Baadhi ya vyuo huweka viwango visivyobadilika, lakini vingine hugawa heshima kwa nafasi ya mwanafunzi miongoni mwa wahitimu wa mwaka wake, na hapo jedwali linashindwa kabisa, kwa sababu kiwango hakijulikani mpaka wote wamalize. Kilichowezekana ni kuweka kiwango cha mwaka uliopita kama makadirio na kukipaka rangi ya kijivu. Isitoshe, heshima ya idara ni jambo la pili, tofauti na la chuo kizima: mara nyingi hudai tasnifu na idhini ya walimu, na GPA pekee haiifungui.

Italia ilikuwa rahisi kuliko nilivyohofia. Mitihani hupimwa kwa 30, wastani huzidishwa kwa 110 na kugawanywa kwa 30, kisha kamati huongeza pointi za tasnifu. Mwenye wastani wa 28.5 huanza na 104.5. Anayefikia 110 huweza kupewa sifa ya ziada, "lode", endapo kamati yote itakubaliana.

Ujerumani ndiyo iliyonichekesha. Huko gredi 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo ya chini kabisa ya kufaulu, kwa hiyo jedwali lilimpongeza kwa kijani kibichi mwanafunzi wa kubuni aliyekuwa na 3.9. Nimeweka kisanduku cha mwelekeo wa kipimo. Gharama: saa 11, nami nakiri kwamba nusu yake ilikuwa njia ya kukwepa kusoma.

18 Machi 2025: Muhula wa 5 na uzito wa tasnifu

Muhula wa 5 umenipa A katika krediti 30, B+ katika krediti 24 na B katika krediti 6, wastani wa 4.4 kamili. Nilitarajia kuruka. Jumla imesogea kutoka 4.3784 hadi 4.3830. Kigawanyo kikishakuwa kikubwa, muhula mzuri husukuma kidogo mno, na hili hakuna fomula inayoweza kulirekebisha.

Zimebaki krediti 66. Ninahitaji pointi 295.2, na kwa kuwa hakuna vipande vya kozi, maana yake ni A katika krediti 36 na B+ katika 30. Jedwali limeonyesha jambo ambalo peke yangu nisingeliona. Tasnifu ina krediti 18, kozi nyingine ni 8 za krediti 6. Nikipata B+ katika tasnifu, ninahitaji A katika kozi 6 kati ya 8. Nikipata A katika tasnifu, ninahitaji kozi 3 tu. Nimepanga upya ratiba yangu kwa mujibu huo: asubuhi zote ni za tasnifu, na rasimu ya kwanza itamfikia msimamizi wiki tano kabla ya tarehe rasmi ili nipate nafasi ya kuirudia. Gharama: saa 1.

21 Agosti 2025: Matokeo

Tasnifu imepata A. Kozi mbili zimepata A. Kozi sita zimepata B+, na mojawapo ina alama 69.

Pointi za muhula ni 294, jumla ni 1530 kwa krediti 348, na GPA ni 4.3966. Nilihitaji pointi 1.2 zaidi. Nimewasilisha ombi la kuhesabiwa upya alama za ile kozi ya 69, jambo linaloruhusiwa ndani ya siku 14 tangu matokeo kutangazwa. Ukaguzi huo hujumlisha tena alama zilizokwisha kutolewa wala hausahihishi mtihani upya.

30 Agosti 2025: Toleo la mwisho

Jibu la ombi limetoka: jumla ni 69 kama ilivyokuwa. Hati ya matokeo imeandikwa 4.3, daraja la pili la juu. Jedwali lilikuwa limetoa jibu lile lile kabla ya hati kuchapishwa, na hilo ndilo nililokuwa nimelitengenezea, ingawa siku hiyo sikulifurahia. Kwa chuo kinachokadiria, 4.3966 ingekuwa 4.4. Kwa chuo kinachokata, ile C ya krediti 6 katika muhula wa 1 ingekuwa B tu, ningekuwa na 4.4138.

Toleo la 5 lina mabadiliko matatu. Kisanduku cha kwanza kabisa sasa kinauliza kama chuo hukata au hukadiria, na jedwali halitoi jibu lolote mpaka kijazwe. Safu ya krediti za kukokotoa imewekwa mbele ya safu ya krediti za kuhitimu. Mistari ya muhula wa 1 nimeipaka rangi ya njano, kwa kuwa wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza walioniomba nakala wameirudisha na maswali mazuri, huku mistari hiyo wakiwa wameiacha tupu. Jumla ya gharama ni saa 34 za kazi, bila kuhesabu foleni ya msajili.